Masika ya Ufagio

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Unga umevuta unyevu, hamira imegoma, na mikate ya asubuhi imetoka midogo kama iliyosusa. Mteja wa kwanza aliunyanyua mmoja, akaupima mkononi, akaniuliza kama sasa nauza maandazi. Nikamwambia akamuulize aliyeleta mvua.

Saa nne akaja wifi, mkono kiunoni. Yeye ni fundi cherehani, na mgongo umemsumbua muda mrefu. Siku zote alisingizia cherehani. Leo anasema daktari amempa mambo mawili achague: aache kujipinda, au aache gofu.

"Sasa mtu atapigaje gofu bila kujipinda?" nikamuuliza.

"Namna ipo. Nimeongea na Kocha Tyubu."

Nikaacha kukanda. Hakuona, alikuwa anatafuta kiti.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunisikia. Mume wangu alikuwa mwalimu wa gofu katika klabu ya hapa mjini, ndiyo maana mwoka mikate na fundi cherehani wanacheza mchezo wa wenye nazo. Alitufundisha wote wawili, mimi mkewe na yeye dada yake. Mimi sikushika sana. Wifi alishika kila kitu: kisigino cha kushoto kinavyonyanyuka, kile kituo kidogo fimbo ikifika juu kabla haijashuka, mpaka fimbo inavyolala begani mwishoni, kama jembe la mtu anayerudi shamba. Tangu tumzike, mwaka juzi, kila Jumapili namwambia wifi atangulie kupiga. Nasimama nyuma yake, upande wa kulia, na kwa muda wa pumzi moja namwona mume wangu.

Picha zake ninazo, nyingi tu. Lakini kwenye picha amesimama, anatabasamu, ametulia. Hakuwa mtu wa kutulia.

Sasa wifi anataka kubadilisha mpigo, na mimi nimemwambia "sawa, afya kwanza", nikarudi kukanda.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Wifi amepiga simu, sikupokea. Mikono ilikuwa na unga, nitasema hivyo.

Jumapili, 8 Machi

Somo la kwanza. Nilikwenda, nisije nikaonekana nimenuna.

Kocha Tyubu huwafunga wanafunzi wake viwiko kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mikono isiachane, ndiyo asili ya jina. Alikuwa msaidizi wa mume wangu, na mume wangu alipokuwa hai hakuthubutu kuonyesha vituko hivi hadharani. Mguu wa kulia unavutwa nyuma tangu mwanzo, kana kwamba mtu anataka kuaga. Mikono imenyooka. Fimbo haivuki bega. Kiuno hakizunguki, mwili wote unageuka kwa pamoja kama mlango. Hakuna kisigino, hakuna kituo, na fimbo inaishia mbele ikielekeza mpira ulikokwenda. Klabuni wanauita ufagio.

Hakimu mstaafu, ambaye hakosi barazani hata kukiwa na gharika, akapaza sauti, "Mama Cherehani! Ukimaliza hapo, na huku kuna vumbi!"

"Subiri, Mheshimiwa," wifi akamjibu bila kugeuka. "Taka ngumu nazifagia mwisho."

Baraza zima likacheka. Mpira wa wifi ulikwenda hatua chache ukajificha kwenye majani. Akacheka na yeye. "Samaki mkunje angali mbichi," akaniambia. "Sisi tumeshakauka kama ng'onda."

Nilicheka pia. Moyoni nilifurahi kwamba mpira haukufika mbali.

Jumapili, 15 Machi

Mvua ilikatika mchana, tukacheza mashimo manne kwenye matope. Wifi alipoteza mipira kila mahali: mtaroni, vichakani, mmoja ukagonga bati la stoo ya mashine za kukatia nyasi. Mwili una kiburi. Kichwa kinauambia fagia, wenyewe unarudi kwenye ulichofundishwa. Mara mbili kisigino chake kilinyanyuka chenyewe, na mara zote mbili moyo wangu ukaruka.

"Kisigino, mama!" Kocha Tyubu akapiga kelele.

Mimi nilikuwa nakiombea dua kile kisigino. Mtu mzima na akili zangu.

Jumanne, 17 Machi

Mikate imeumuka leo. Basi.

Jumapili, 22 Machi

Daktari wa Meno, mwenzetu hapo klabuni, naye alijaribu ufagio, bila kumwambia mtu. Ukamshinda, akaamua kurudi kwenye mpigo wake wa zamani, akakuta haupo. Leo tumemkuta peke yake uwanja wa mazoezi, anapiga, anaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Wanasema mzoea cha kunyonga, cha kuchinja hakiwezi," alituambia. "Mimi sasa sinyongi wala sichinji."

Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Nilimvuta Daktari pembeni nikamuuliza kama ni kweli, kwamba mtu akishahama hawezi kurudi. Akasema anaweza, ila akichelewa njia inaota majani. Nimerudi nyumbani na neno hilo kifuani.

Jumapili, 29 Machi

Tumegombana. Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Tulikuwa tunavua viatu barazani. Kwa mara ya kwanza wifi alikuwa amepiga mipira mitatu mfululizo iliyokwenda mbele. Hata Hakimu alinyamaza. Wifi alikuwa na furaha, uso umelowa mvua, na alinigeukia ili nimpongeze. Mimi nikasema, "Kaka yako angekuona, angelia."

Akafunga kamba za viatu vyake pamoja, taratibu, kama anavyofunga mzigo wa mteja.

"Kaka siku hizi hana mgongo wa kumuuma," akasema.

"Ndiyo unavyomwongelea?"

"Nakuongelea wewe, wifi. Umekuja mara nne. Mara nne hujaniuliza kama naumwa."

"Naona unacheka tu, nitakuulizaje?"

Akasimama, akachukua mwavuli wake, akaenda. Watu husema mawifi ni paka na panya. Sisi tulikuwa tunawacheka watu hao. Alipofiwa na kaka na mimi nikafiwa na mume, tulilala kitanda kimoja hadi arobaini ilipopita. Leo nimemwacha akatembea peke yake kwenye mvua, na hasira ilinipa joto mpaka nilipofika nyumbani.

Jumatano, 1 Aprili

Maji yameingia kwenye bomba la moshi, tanuri limezimika, mikate hakuna. Wifi hajapiga simu. Mimi pia.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimempelekea mkate wa maziwa dukani kwake. Alikuwa na pini mdomoni, akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikakaa. Nilimuuliza mgongo unaendeleaje. Akatoa pini zote, moja moja, akasema, "Unaendelea vizuri, mama. Nalala ubavu wowote ninaotaka." Alitamka hivyo kama mtu anayetangaza ndoa.

Jumapili, 5 Aprili

Ameuweza.

Shimo la tatu, lile lenye mtaro mbele. Alivuta mguu nyuma, akanyoosha mikono, akageuka kama mlango. Mpira ulitoka umenyooka kama uzi, ukavuka mtaro, ukatua karibu na bendera. Kocha Tyubu alivua kofia. Wifi alibaki ameelekeza fimbo mbele, anautazama, na kila kitu kilikuwa sawasawa, na hakikuwa na mume wangu hata chembe.

Nilimkumbatia, nikampongeza, nikamaanisha. Kisha nikasema nimesahau kitu kwenye gari. Nililia humo vioo vikapata ukungu. Nilimlilia mume wangu kama amekufa leo, maana safari ya kwanza kulikuwa na jeneza, wageni, vikombe vya kuosha. Safari hii hakuna aliyejua kuna msiba.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua kubwa. Klabu imefungwa. Nimejaribu kukumbuka kituo kile cha juu, kilikuwa kirefu kiasi gani. Nilisimama chumbani na mwiko wa tanuri, mbele ya kioo. Niliona mwanamke mnene ameshika mwiko.

Jumapili, 19 Aprili

Wametundika tangazo: Jumapili ya kwanza ya Mei ni shindano la wawili wawili, la kumkumbuka mume wangu. Mpira mmoja, watu wawili, mnapiga kwa zamu. Mimi na wifi tumeandikishwa wa kwanza, na yeye ndiye wa kufungua.

Nilimsubiri mpaka tukawa wawili tu. Nikamwambia, "Wifi, nina ombi. Siku hiyo, ule wa kufungua tu, piga wa kaka."

Alikuwa anafuta fimbo kwa kitambaa, akaifuta tena palepale palipokwisha kung'aa.

"Ni shindano lake," nikasema. "Watu wote watakuwepo. Mpigo mmoja, baadaye endelea na ufagio wako mpaka kiama."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Aliniangalia muda. Nilidhani anapima mgongo wake. "Haya," akasema.

Nimefurahi sana. Nimekwenda nyumbani nikiimba.

Jumapili, 26 Aprili

Wifi hakuja uwanjani. Anasema anapumzisha mgongo. Binti yangu amepiga simu kutoka chuoni, anauliza shangazi yake atavaa nini siku hiyo. Nimewaza na mimi nitavaa nini. Mikate imeumuka vizuri wiki nzima.

Jumapili, 3 Mei

Nisipoandika leo nitaanza kuibadilisha siku hii.

Asubuhi palikuwa na manyunyu tu. Watu walikuja wengi, hata wasiocheza. Hakimu alivaa tai. Kocha Tyubu alisema maneno machache kuhusu mwalimu wake, akaketi kabla hajamaliza. Kisha wakatuita.

Wifi alikuwa amejishonea blauzi mpya ya bluu. Aliweka mpira, akarudi nyuma hatua moja, akautazama. Nikaenda kusimama mahali pangu, nyuma yake, upande wa kulia. Aligeuza kichwa akahakikisha nimefika.

Miguu ikasimama sawa, bila wa kulia kuvutwa nyuma. Nikasikia Kocha Tyubu anasema, "Mama, hapana," kwa sauti ndogo. Fimbo ikaanza kupanda. Kisigino cha kushoto kikanyanyuka. Fimbo ikafika juu, ikatua pale, kituo kile, kirefu kuliko nilivyokumbuka, na alikuwa yeye. Alikuwa mume wangu, mabega yake, shingo yake, akiwa mzima, anakaribia kufanya kitu. Sikuwaza mgongo wa mtu. Sikuwaza chochote. Nilikuwa na furaha kama msichana.

Kisha ikashuka. Mpira uliondoka vizuri, watu wakaanza kupiga makofi.

Fimbo haikufika begani. Ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye nyasi, na wifi akabaki amejipinda nusu, mdomo wazi, hatoi sauti. Makofi yaliendelea kidogo kwa sababu walio mbali hawakuelewa. Akapiga magoti. Akaweka paji la uso chini, kwenye matope, pamoja na blauzi yake mpya.

Nilimfikia wa kwanza. "Wifi," nikamwita. "Wifi, nisamehe."

"Mguu," akasema. "Siusikii mguu."

Daktari wa Meno alikataza watu wasimnyanyue. Hakimu alivua koti lake akamfunika, akawa anamkinga mvua kwa mwavuli, tai yake inadondosha maji. Tulisubiri gari la wagonjwa hapo hapo. Kwa muda wote ule nilimshika mkono, na yeye aliufinya wa kwangu, kama mimi ndiye niliyeumia.

Jumatatu, 4 Mei

Wanampasua leo. Duka lake limefungwa, langu pia.

Alhamisi, 7 Mei

Ameamka vizuri. Mguu wa kulia una ganzi kuanzia goti. Daktari anasema atatembea, kwa fimbo, polepole. Gofu hapana. Nikamuuliza hata ule wa ufagio? Akaniangalia kama mtu asiyeelewa kinachoulizwa. Hata huo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii nimeitumia maisha yangu yote kwa vitu vidogo.

Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia wifi kwamba ni mimi. Kwamba nilimwomba kitu ambacho sikuwa na haki nacho, kwamba nilikuwa namtazama yeye nikimtafuta mwingine, miaka yote hii, na yeye hajui. Akanyanyua mkono ninyamaze.

"Sijui nini?" akasema. "Kila Jumapili unanitanguliza, unasimama palepale. Kabla sijashusha fimbo unaacha kupumua. Nilikuwa nakusikia, wifi."

Nikanyoosha shuka lake, ambalo lilikuwa limenyooka.

"Daktari aliniambia niache mwaka jana, mwezi wa sita. Nikasema ngoja kwanza, wifi apoe."

"Mwaka jana! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba kaka ananiumiza?"

Muuguzi akaja kupima joto. Tukatazama ukutani, kama watoto waliokamatwa wakipiga soga darasani. Alipoondoka, wifi akasema, "Na mwezi wa pili mwaka huu mgongo ukanishinda. Nikaona heri uninunie. Ukanuna kweli, mama, we acha tu." Akacheka, kucheka kukamuuma, akafumba macho.

Nimerudi nyumbani nikaketi mbele ya tanuri baridi. Nilidhani mimi ndiye niliyebaki na msiba, na yeye ananisindikiza. Alikuwa anafiwa na kaka yake na anaubeba mwili wake ili mimi nimwone.

Jumanne, 12 Mei

Hakimu alikuja kumwona na maua yaliyonyauka. "Usijali, Mama Cherehani," alimwambia. "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi."

"Huyo mhunzi wako," wifi akasema, "alikuwa na koleo la akiba."

Jumapili, 17 Mei

Nimemleta kwangu. Cherehani tumeiweka sebuleni, ingawa mguu haukanyagi bado. Mchana, alipolala, nilikwenda kwa Kocha Tyubu nikamwomba anifundishe ufagio. Hakuuliza sababu. Alinifunga viwiko.

Nataka kuushika mpigo wa wifi kabla haujapotea. Alihangaika nao tangu mvua ya kwanza, ukamkubali, na mimi nikauvunja. Angalau ubaki kwa mtu mmoja.

Ijumaa, 22 Mei

Nimekwenda tena mazoezini kabla ya mikate ya pili. Mguu nyuma, mikono sawa, mlango. Kocha anasema nashika haraka. Kwa mara ya kwanza katika gofu nashika haraka.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imekwisha. Nyasi zimekua hadi hazina adabu. Wifi aliamka akasema anataka kuona uwanja, basi nikampeleka. Hatua kutoka garini mpaka uwanja wa mazoezi zilituchukua muda mrefu. Nilimwekea kiti, mto nyuma ya mgongo juu ya ule mkanda mgumu wa hospitali, na kofia.

"Nina kitu cha kukuonyesha," nikamwambia.

Nilijifunga tyubu viwikoni, nikashika fimbo, nikavuta mguu nyuma. Nilifanya kila kitu. Mpira ulikwenda umenyooka. Nikabaki fimbo mbele, nikitazama, kama yeye siku ile ya mtaro. Kisha nikageuka.

Alikuwa hacheki.

"Nani huyo?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi si nipo hapa nimekaa?"

"Wifi, nimejifunza ili usipotee..."

"Njoo."

Nikaenda. Akanifungua ile tyubu, mkono huu kisha ule, kwa vidole vyake vya kushonea, akaiweka mapajani pake.

"Miaka miwili nimempiga kaka," akasema. "Jumapili, Jumapili. Kule juu, kwenye kituo, nilikuwa nauma meno. Sitaki na wewe uume meno kwa ajili yangu. Rudi pale upige wa kwako."

"Mimi sina wangu. Unajua. Kaka yako alijaribu kunifundisha, ukakataa kuingia."

"Basi tuuone huo uliokataa."

Nilirudi. Niliweka mpira. Sikujua miguu niiweke wapi. Kila nilipoanza kunyanyua fimbo nilijikuta namfuata mtu, mara mume wangu, mara wifi, nikashusha, nikaanza tena. Machozi yalikuwa yananitoka na mpira nauona miwili. Nyuma yangu hakuna aliyenihimiza. Mwishowe nilichoka kufikiri, nikaukata tu, kwa mikono yote na hasira yote.

Donge la nyasi liliruka mbali kuliko mpira. Mpira ulikwenda pembeni, ukagonga nguzo, ukarudi karibu na miguu yangu.

Wifi alipiga ukelele. Alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili, anacheka na analia, na anasema aa, aa, kwa maumivu.

"Mbaya!" akasema alipopata pumzi. "Mbaya sana, mama wee! Lakini simjui mtu mwingine anayepiga hivyo."

Nilimuuliza kama ameumia. Akasema ndiyo, nisijali, niweke mwingine.